Waliokaa Nyuma ya Shuka

Halima, mjukuu wangu, ni mtu wa televisheni. Anasimama barabarani na kitu kama mwiko mkononi, anauliza watu kwa nini maji hayatoki, na jioni tunamwona sebuleni kwetu akiuliza maswali yale yale. Juzi alikuja na wenzake wa kazi, vijana tupu, wakakaa kwenye mkeka wangu.

"Babu," akasema mmoja wao, "Halima anatuambia na we ulifanya hii kazi yetu hapa hapa Gisenyi, wakati wa Wabeleji. Sasa televisheni mulitoa wapi?"

"Hatukuwa na televisheni," nikamwambia. "Tulikuwa na shuka."

Wakacheka. Chekeni, sina neno. Lakini waliporudi kwao nilitafuta kalamu, kwa sababu nina mambo machache ya kuwauzia nyinyi mnaoanza kazi hii, na leo nayatoa bila kupatana bei. Kwa wanaonijua, hilo peke yake ni habari.

Miaka ile ya hamsini ofisi ya habari ya serikali ilikuwa na kamyoneti moja, gari dogo la mizigo, iliyozunguka upande wetu. Ndani kulikuwa na kamera, mashini ya kuonyeshea sinema, jenereta iliyokohoa kama mzee wa kiko, na shuka jeupe pana. Dereva alikuwa Papa Leonari, mtu wa Goma. Alikuwa pia mpiga picha, pia fundi, pia mpishi tukilala njiani. Kazi yetu ilikuwa mambo ya mji wenyewe: daraja limevunjika, shule imepata paa, ng'ombe wanachomwa sindano, soko linahama. Tunapiga picha, tunauliza wahusika, kisha jioni tunatundika shuka kati ya milingoti ya goli la mpira na kuwaonyesha watu mji wao.

Filamu zetu hazikuwa na sauti. Sauti ilikuwa mimi. Nilishika mikro, yaani kipaza sauti, na kueleza kwa Kiswahili, halafu kwa Kinyarwanda kwa ajili ya wale walioteremka kutoka Cyanzarwe na maharage yao na kuamua kuchelewa kurudi.

Kazi niliipata sokoni. Nilikuwa natembeza nguo, mtoto wa fundi cherehani wa mtaa wa Waislamu, na mdomo wangu ulikuwa duka zima. Papa Leonari alinisikia nikimuuzia koti la baridi mtu aliyekuja kununua chumvi. Akaniita pembeni.

"We kijana, ile mutu alikuwa anataka koti?"

"Hapana, papa. Lakini sasa analo."

"Bon. Kesho kuja."

Jambo la kwanza nililojifunza lilitoka huko huko kwenye nguo. Jibu la kwanza la mtu ni kama bei ya kwanza ya mwenye duka: hakuna anayetegemea ulipe. Nilimuuliza msimamizi mmoja wa barabara daraja lake lilivunjwa na nini. Akasema mvua. Nikamsifu mbuzi wake, nikauliza juu ya watoto, nikapokea kikombe cha maziwa, nikauliza tena. Akasema mvua na lori. Nikakubali, nikaaga, nikafika mlangoni, nikageuka. Lori la nani? Akatazama chini. "Ya shemeji yangu." Hapo ndipo tulipofika bei. Nyinyi mnamshika mtu barabarani, mnapokea jibu la kwanza na kukimbia nalo studio. Mnanunua kwa hasara kila siku.

Jambo la pili ni umri wa habari. Filamu ilipelekwa mbali sana kuoshwa, na ikirudi, daraja lililovunjika limeshajengwa na kupakwa rangi. Jioni ya kulionyesha daraja lile nilieleza kwa uchungu mwingi jinsi watu walivyokatiwa njia. Mzee mmoja akanyoosha mkono mbele kabisa. "Pole na kazi. Mi nimetokea ng'ambo ile leo. Sasa niambie, nilipita wapi?" Uwanja mzima ulilala kwa kicheko. Tangu siku ile nilianza kila habari kwa kusema ni ya lini, na wala haikunipunguzia wasikilizaji. Watu hawachukii mkate wa juzi. Wanachukia kuambiwa ni wa leo.

La tatu alinifundisha Leonari, na ndilo lililotuletea balaa ninayotaka kuwasimulia. "Saidi, unaongea sana," aliniambia. "Picha nayo iko na mudomo. Iache iseme." Nikajizoeza kufupisha. Picha ikionyesha mbuzi sisemi mbuzi. Picha ikionyesha mkono unaelekeza, nasema tu "huku" na "kule," basi. Nilijiona fundi.

Mji ulikuwa umejenga soko jipya. Mahangari mawili ya mabati, yamefanana kama mapacha, moja upande huu wa njia, moja upande ule. Yalikuwa yamesimamiwa na Mbeleji mmoja ambaye watu walimwita Bwana Mistari, kwa sababu hakuweza kuona kitu kilichopinda akalala usingizi. Hangari moja litakuwa la samaki, jingine la nguo na mafundi. Tulikwenda kumpiga picha asubuhi ya ukungu mzito. Milima haikuonekana, ziwa halikuonekana, nyuma ya mahangari palikuwa peupe kama karatasi. Bwana Mistari akasimama katikati ya njia, akanyoosha mkono mmoja: samaki. Akanyoosha wa pili: nguo. Kisha akampa mkono baba yangu, ambaye alikuwa msemaji wa mafundi cherehani na alivaa koti jipya alilojishonea kwa ajili ya siku hiyo. Leonari akaridhika. Filamu ikaenda kuoshwa.

Iliporudi tuliionyesha mtaani kwetu. Sharti niwaeleze watu walivyokaa. Wanaume walikaa mbele, na viti vyao. Wanawake na watoto walikaa nyuma ya shuka. Hakuna aliyewaamuru, ndivyo mtaa wetu ulivyojipanga siku ya kwanza ya sinema, na ikabaki hivyo. Shuka lilikuwa jepesi, picha ilipenya hadi upande wa pili. Wanawake walipapenda, waliweza kunyonyesha na kucheka bila kutazamwa, na moshi wa jenereta uliwaendea wanaume. Wanawake wachuuzi wa samaki waliotoka ufukweni, Wakristo wengi wao, nao walipitia nyuma na kukaa na wenzao.

Nikashika mikro. "Siku ya soko ijayo mnahamia. Samaki watauzwa huku. Nguo na mafundi, huku. Mnamwona bwana mwenyewe anavyoonyesha. Utakapoweka kikapu siku ya kwanza ndipo pako. Siku ya soko inayofuata karani atapaka majina ya watu kwenye mbao, na baada ya hapo hakuna kuhama."

Fupi, safi. Leonari alinipa sigara.

Siku ya soko, kabla jua halijachomoza, wanawake wa samaki walijaa hangari la nguo. Waliongozwa na Mama Velediana, mjane mwenye sauti nzito, aliyelea watoto wake kwa kikapu kimoja cha samaki tangu mumewe alipozama. Baba yangu alipofika na cherehani kichwani alikuta samaki wamepangwa pale alipotaka kuweka meza. Wakati huo huo wachuuzi wa kiume wa samaki, wale waliokaa mbele ya shuka, walikuwa wamelijaza hangari lile lingine, lenye robine ya maji nyuma yake.

"Mama Velediana," baba akasema, "hapa ni nguo."

"Hapa ni samaki, fundi. Tuliona kwa macho."

"Mi pia niliona kwa macho."

"Basi macho yako iko na sindano ndani."

"Na robine iko kule. Hamukujiuliza?"

"Tulijiuliza. Tukasema hii ni akili ya kizungu, wanataka mafundi wanawe mikono."

Bwana Mistari akaitwa. Aliuliza wanaume, wote wakasema neno moja. Aliuliza wanawake, wote wakasema neno moja, jingine. Hapo akakasirika. Kwake yeye ilikuwa wazi: wanawake walikuwa wamependa hangari lililo karibu na barabara, wakapatana uongo, na kiongozi wao alikuwa yule mwenye sauti. "Sinema haisemi uongo," akamwambia Velediana. "Wewe unasema. Siku ya soko ijayo ukiwa hapa, ninachukua kibali yako. Na kule imejaa."

Maana yake mnaielewa. Akibaki, kibali kimekwenda. Akiondoka, hana pa kukaa, na karani akishapaka majina, hatapata tena. Kikapu kimoja, watoto nyumbani.

Alikuja kwetu jioni ile ile. Hakubisha hodi mara mbili.

"Saidi. Mi sikuja kupiga kelele. Nakuja kuuliza mwenye mudomo. Ile mudomo ilikuwa ya nani?"

"Ilikuwa yangu, mama."

"Ulisema samaki huku. Huku ya wapi?"

"Pale bwana alipoonyesha."

"Pale alionyesha ndipo niliweka kikapu." Akanitazama bila hasira, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. "Mi najua kusema uongo, mutoto yangu. Kila siku nasema samaki ni ya leo. Lakini ile siku sikusema."

Nilimpa jibu la kwanza, lile la bei ya kwanza: kwamba labda kulikuwa na giza, labda watoto walipiga kelele. Akaondoka. Nikabaki na jambo lililonikereketa mimi, mtu wa kuhesabu pesa mara mbili: mtu mmoja anaweza kuona vibaya, lakini wanawake wote wa uwanja mzima, vibaya namna moja?

Tukakaa kunywa chai, mimi, baba na mama. Mama akamwekea baba kikombe. Akakiweka kwa mkono wa kushoto.

Baba akakitazama kile kikombe kama kimeanguka kutoka mwezini. "Mukono gani huo, Mama Saidi?"

"Si ndiyo munatumia siku hizi, nyinyi wakubwa wa sinema?"

"Sinema gani?"

"Baba Saidi, mji wote ulikuona. Muzungu amekupa kushoto, bon, huyo hana adabu, hakufunzwa. Na we ukapokea kwa kushoto, unacheka. Tangu siku ile nashindwa kupita mbele ya wenzangu."

"Mi? Muislamu? Kushoto? Mbele ya kamera?"

"Mbele ya kamera."

"Wallahi nilitoa kulia. Saidi, sema."

Nilitaka kusema, maana nilikuwepo asubuhi ile ya ukungu, na ulikuwa wa kulia. Lakini kikombe changu kilikuwa kimesimama njiani. Mama hakuwa na hangari la kutafuta. Mama hakuwa na samaki. Na mama naye aliona kinyume.

"Mama," nikauliza, "wote mulikaa nyuma ya shuka?"

"Kwani tunakaaga wapi?"

Kesho yake adhuhuri nilimwamsha Leonari. Tuliazima depo la kahawa la mfanyabiashara mmoja, tukafunga madirisha, tukatundika shuka katikati ya magunia. Baba nilimketisha nyuma. Leonari akawasha. Mimi nikasimama ubavuni, nikitazama huku na huku.

Baba aliinama mbele. Kisha akasogea mpaka pua ikakaribia kugusa shuka.

"Leonari. Ile koti ni yangu?"

"Ni yako, fundi. Ulitusumbua nayo asubuhi nzima."

"Mi sijawahi kuweka vifungo upande ule. Ile ni koti ya mwanamuke."

Akaona mkono wake ukitoka. Wa kushoto. Akarudi kukaa juu ya gunia. "Haya," akasema kwa sauti ndogo, "nitamuomba mama yako msamaha. Lakini ya vifungo usimwambie mutu."

Sasa ilibaki kumleta Bwana Mistari, na hapa chukueni mafunzo ya soko. Ukitaka kitu kidogo kwa mkubwa, usianze nacho. Nilikwenda ofisini kwake nikamwomba afute siku nzima ya kuhamia, watu wote watoe vitu, tuanze upya na tarumbeta. Akaniambia nina wazimu. Nikashuka: basi amfukuze karani. Akaniambia nitoke. Nikashuka mpaka chini kabisa, nikakuna kichwa: basi bwana aje akae tu kwenye kigoda, kwa muda wa kuvuta sigara moja, ajione mwenyewe kwenye sinema. Akatazama saa yake. Mtu aliyekataa makubwa mawili huona aibu kukataa dogo. Tena, hakuwa bado amejiona.

Mama Velediana, niliyemwita mapema, alikuwa ameshafika depo, amesimama kati ya magunia na kigoda chake. Bwana alielekea mbele ya shuka. Nikamwambia hapana, upande huu. Akauliza kwa nini. Nikasema viti vya mbele vimejaa kahawa.

Akaketi kwenye kigoda kile, magoti karibu na masikio. Mashini ikaguna. Akajitokeza yeye mwenyewe katika ukungu, akatabasamu kidogo kujiona. Halafu akanyoosha mkono.

Tabasamu liliondoka polepole. Alitazama saa yake mkononi, akatazama ile ya kwenye shuka. Ilikuwa imehamia mkono wa pili. Akampa baba yangu mkono wa kushoto, akiwa amenyooka kama rula.

"Tena," akasema.

Leonari akarudisha. Akatazama tena. Nilimheshimu kwa hilo. Naye alikuwa mtu wa kuhesabu mara mbili.

"Wanawake," akauliza, "siku ile walikuwa wapi?"

"Hapo umekaa," akajibu Velediana. "Hata kigoda ni hiyo."

Akavua miwani, akaifuta kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji. Neno la pole sikulisikia, siwezi kuwauzia kitu ambacho sikukipata. Lakini siku ya soko iliyofuata karani alikuja bila rangi. Wachuuzi wa samaki wote, wa kiume na wa kike, walitoa vikapu hadi njiani, na wakaingia hangari la robine kwa mpangilio wa waliowahi siku ile ya kwanza, haidhuru waliwahi hangari gani. Wanawake ndio waliowahi. Wanaume walinung'unika mpaka mchana, kisha wateja wakaja wakasahau. Jina la Velediana lilipakwa kwenye ubao wa karibu kabisa na robine, na alimsimamia karani mpaka herufi ya mwisho, ingawa kusoma hakujua.

Bwana Mistari aliamuru pia habari ile irudiwe uwanjani, kila mtu aione sawasawa. Nikatangaza kwa mikro kwamba leo wanawake watakaa mbele, wanaume wapite nyuma.

Hakuna aliyenyanyuka.

"Kule iko watoto," akasema mmoja.

"Sisi tuliona sawa tangu mwanzo," akasema mwingine. "Anayerudia darasa ni aliyeanguka."

Ndipo baba yangu akasimama, akakunja kiti chake, akavuka uwanja mbele ya macho ya watu wote na kwenda kuketi nyuma ya shuka. Alikuwa amevaa koti lile lile. Baada yake wakaenda wawili watatu, wakijifanya wanatafuta upepo. Waliobaki wakasogeza viti pembeni, na wanawake wakaja mbele na mikeka yao.

Nilieleza habari, na safari hii sikusema huku wala kule. Nilisema hangari la robine. Nilisema hangari la barabarani. Na hata leo Halima akiniambia "upande wa kulia" namuuliza kulia kwa nani. Niambie upande wa ziwa, niambie upande wa kilima cha Nyundo, vitu hivyo havigeuki. Wanawake walimwona Bwana Mistari akitoa mkono wa kulia, na baba akiupokea kwa wa kulia, na mama yangu akageuka kuwatazama wenzake mmoja mmoja.

Tulipokuwa tunakunja shuka Mama Velediana alinifuata. Nilidhani amekuja kushukuru, nikajiandaa kusema si kitu.

"Saidi. Ile ya soko mumetengeneza."

"Tumetengeneza, mama."

"Ile ya daraja, niliona. Ile ya ng'ombe na sindano, niliona. Ile ya shule, na ile ya mashua mupya, zote niliona, tangu munaanza kuja na hii gari." Akajifunga kitenge vizuri. "Hizo nazo mutatuonyesha kwa mbele lini?"

Leonari alikuwa na upande mmoja wa shuka, mimi na mwingine. Tulitazamana. Yeye akaanza kuukunja upande wake upya.

Filamu zile zilikuwa zimesharudishwa zilikotoka, hatukuziona tena. Nilichoweza kufanya nilikifanya: tangu jioni ile, popote tulipotundika shuka, kabla Leonari hajawasha mashini nilizunguka kwanza nyuma, nikaomba nafasi kwenye mkeka, nikatazama kutoka pale. Na nikishika mikro sikurudi mbele. Nilieleza nikiwa kule kule, kati ya watoto na vikapu. Wakubwa wa mbele walilalamika kwamba sauti inatoka mahali pabaya, na kwamba nikipita kuwasalimia nanuka samaki.

Ni kweli, nilinuka.